Chupa ya Sita

Kilifi, 12 Februari 2024

Mpendwa Lorraine, nyar owadwa, binti wa ndugu yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kikohozi kimekwisha na mabomba ya mtaa wenu wa Tena yanatoa maji zaidi ya siku mbili kwa wiki. Wasichana wako wa shule ya Kayole hawajambo? Bado wanavunja vyombo vya maabara na kukuambia vimejivunja vyenyewe? Mimi ni mzima kabisa, isipokuwa haya masikio. Juzi mwenye duka aliniambia unga umepanda, nikampa pole ya msiba. Ndiyo maana nakuandikia. Mimi na simu hatuelewani, na wewe ukishika simu unaongea kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Paka wangu amezaa tena, watoto wanne, wote wezi.

Sasa jambo lenyewe. Keti kwanza.

Kuna kamati inayokusanya vipimo vya zamani vya bahari yetu. Wanataka kujua maji yalikuwaje zamani, wayalinganishe na ya leo. Moshi wa magari na viwanda ukiingia baharini hugeuka tindikali, na bahari huizima kadiri inavyoweza. Inaweza kuzima kiasi gani? Kwenye mwambao huu, mtu wa kwanza kukaa chini na kupima jambo hilo ni Waya wako, shangazi yako mimi! Mwaka wa 1987, mwanamke peke yangu katika meli ya wanaume ishirini na mmoja. Mkuu wangu wa wakati ule akatazama namba zangu, akacheka. Ziko chini kwa sehemu moja ya kumi, akasema. Huyu msichana amechanganya tindikali yake vibaya. Akazifungia kabatini. Miaka thelathini na saba, Lorraine!

Kamati imezifungua. Lakini wanataka ushahidi kwamba tindikali yangu ilikuwa sawa, na mwisho ni tarehe 30 Juni. Nisipoleta, namba zangu zinafutwa. Nina miaka sitini na saba, na maji ya 1987 hayarudi.

Njia iko moja. Niliacha chupa sita za akiba, maji ya safari ile ile, katika nyumba ya Kaloleni, hapo Nairobi, chini ya kitanda cha chumba cha nyuma, ndani ya sanduku la mbao. Nenda ukaangalie. Usimuulize baba yako kwanza, tazama kwa macho yako mwenyewe. Zimeandikwa SUMU na USIFUNGUE, na si mzaha, nilitia chumvi ya zebaki ili vijidudu visiishi humo. Vaa glavu. Usitikise. Nijibu upesi.

Waya wako,
Elsie


Tena, 3 Machi 2024

Shikamoo Waya,

Sijambo, kikohozi kimepona, maji yanakuja Jumanne na Ijumaa. Wasichana wanakusalimu. Niliwasomea ile ya unga wakacheka hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kama kuna moto. Baba pia hajambo, ila goti linamsumbua na hataki kwenda hospitali, anasema atalipaka mafuta. Ananyamaza tu siku hizi. Tangu astaafu kazi ya ukarani pale baraza la jiji, anaweza kunywa chai yote bila neno.

Waya, ZIPO! Manze, samahani, nimeandika Sheng kwa shangazi, lakini zipo! Jumapili iliyopita Baba alipobaki kanisani kwa mkutano wa wazee, niliingia chumba cha nyuma kule kwao Kaloleni na tochi na glavu za shule. Sanduku lilikuwa nyuma ya mashine ya kushona ya Nyanya, limefunikwa na gunia. Chupa za kioo, vizibo vya kioo, mwandiko wako kabisa, ile E yako yenye mkia. Nilikaa sakafuni nikizitazama tu. Maji ya bahari Kaloleni! Mama Jecinta wa mlango wa pili alinichungulia dirishani akaniuliza kama nasali.

Mbona hukuwahi kuniambia haya yote? Mimi ni fundi wa maabara, kila siku napanga mirija na kuosha pipeti, na shangazi yangu ni mtu wa kwanza kupima bahari! Nimesikia tu kwamba "Elsie alienda Pwani". Niambie. Ulianzaje? Nani alikufundisha kupima?

Na kitu kingine. Baba husema Babu Omolo alikuwa mpima maji wa reli. Mbona kwenye barua yako umeandika "nyumba ya Kaloleni" kama haikuwa na mwenyewe?

Wako,
Lorraine


Kilifi, 15 Machi 2024

Mpendwa Lorraine,

Mimi na paka wote watano tu wazima. Mwambie Willis goti si bawaba, haliponi kwa mafuta. Aende hospitali.

Nilisoma ile ZIPO yako nikiwa nimesimama langoni, nikapiga kigelegele hadi mwenye bodaboda akasimama kuniuliza ninaenda wapi. Siendi popote, nikamwambia, nina furaha tu. Akakasirika akaenda zake.

Unauliza nilianzaje. Siku ya kwanza nilipoenda kupanda meli, nahodha alinizuia, akasema hakuna choo cha wanawake. Nikamuuliza nyumbani kwake viko viwili? Nikapanda. Walinipa kazi ya kuandika namba za wengine. Siku ya tatu mpimaji wao akaugua, kichwa ndani ya ndoo, hawezi kusimama, na maji yameshavutwa kutoka mita mia mbili chini. Nikachukua mrija wa bureti mwenyewe. Meli inayumba, wewe unadondosha tindikali tone moja moja, unangoja rangi igeuke kutoka buluu kwenda waridi. Ukipitisha tone moja umeharibu. Nilifunga kiuno kwa leso kwenye meza nisianguke, na nilipima chupa arobaini na nane kwa siku mbili bila kupitisha hata tone. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya digrii. Baadaye nilipata cheo, wanafunzi, chumba cha kazi chenye jina langu mlangoni. Lakini nikifumba macho naona ile meza na leso.

Kujaza chupa ndiyo kazi yenyewe. Unaisuuza mara tatu kwa maji yale yale utakayoyaweka. Unajaza polepole kutoka chini, kusiwe na povu. Halafu juu, chini ya kizibo, unaacha nafasi ya ncha ya kidole, maji yakipata joto yapate pa kupanukia. Bila nafasi hiyo kizibo kinaruka.

Hukuniambia ziko chupa ngapi. Na maji yamefika wapi? Ninahitaji kujua hayo mawili kabla ya kufanya lolote.

Aliyenifundisha kupima ni mtu wa nyumba hiyo. Inatosha.

Waya wako,
Elsie


Tena, 21 Aprili 2024

Shikamoo Waya,

Pole kwa kuchelewa. Mvua imetunyeshea hadi barabara ya kwetu imekuwa mto, na shule ilifungwa kisha ikafunguliwa kisha ikafungwa. Baba hajambo. Alienda hospitali! Nilimsomea ile ya bawaba, akaguna, kesho yake akaenda.

Waya, sikuchelewa kwa sababu ya mvua peke yake. Nilijua tangu Machi kwamba chupa ni tano. Moja hadi tano. Ya sita haimo. Niliona furaha yako nikasema ngoja niitafute kwanza, labda iko kabatini, labda jikoni. Nimetafuta nyumba nzima. Haipo.

Halafu barua yako ikasema ile habari ya ncha ya kidole. Nikarudi kuangalia. Hakuna nafasi, Waya. Zote tano zimejaa hadi kizibo, na kizibo kimefungwa kwa waya mwembamba kuzunguka shingo. Nikafikiri labda nimesahau unavyojaza wewe, nikasoma barua yako mara tatu. Hapana.

Nilimuuliza Baba mezani. "Baba, nani aliyefungua chupa za Waya?" Akainuka akaacha ugali, akaenda kukaa nje barazani kwenye manyunyu. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Naomba usinikasirikie.

Lorraine


Kilifi, 27 Aprili 2024

Lorraine,

Siko na hasira na wewe. Nina hasira na baba yako.

Niliandika USIFUNGUE kwa herufi kubwa ambazo hata kipofu angezisoma kwa vidole. Willis alikuwa na miaka ishirini na sita, akikaa chumba hicho hicho. Nani mwingine? Chupa iliyofunguliwa na kuongezwa maji ya mfereji si ushahidi wa chochote. Ya sita labda aliwekea mafuta ya taa. Mwambie nimesema hivyo.

Uliuliza kuhusu babu yako. Basi sikia. Mzee Zefania Omolo alipima maji ya boila za injini za reli miaka thelathini, hadi injini za mvuke zilipoondolewa akastaafu na sanduku lake la vipimo. Alinifundisha nikiwa na miaka tisa, pale barazani, na kikombe cha chai na tone moja moja. Kila nilichojua kilitoka mikononi mwake. Mkuu wangu aliponicheka, nilisafiri hadi Kaloleni na chupa zangu sita, nikamwambia Mzee, "Wanasema nimekosea. Wewe unajua sikosei." Unajua alijibu nini? Alisema, "Nimesikia." Akaendelea kula samaki wake. Basi. Nikaacha sanduku pale pale, nikaondoka asubuhi bila chai. Nilirudi nyumba hiyo 1996, kumzika.

Kesho kutwa naiandikia kamati kwamba najitoa. Wafute.

Elsie


Tena, 30 Aprili 2024

WAYA USITUME HIYO BARUA!

Kama umetuma, piga simu kamati, piga kelele, mtume mwenye bodaboda! Naituma hii kwa basi la leo, nimemwambia karani wa mizigo ni dharura ya familia, na ni kweli. Shikamoo. Wote wazima. Sasa soma.

Jana nilienda Kaloleni nikamsomea Baba barua yako neno kwa neno, hata ya mafuta ya taa. Nilidhani atainuka tena. Akaweka kijiko chini, akasema, "Mimi sijafungua chupa ya mtu. Ni Mzee."

Waya, nilikuwa sijawahi kumsikia Baba akiongea kwa saa nzima. Anasema ulipoondoka, Babu alishinda barazani siku mbili. Siku ya tatu akavaa koti la reli akaenda karakana kwa rafiki yake Obonyo, akarudi na chupa ya tindikali ambayo nguvu yake ilikuwa imepimwa na kuandikwa. Akatoa sanduku lake la vipimo, akaweka benchi barazani, akavaa glavu, akachukua chupa yako ya sita. Akaifungua. Akapima mara tatu. Watu wanapita wanasema Omolo amerudi kazini, yeye anaendelea na tone moja moja.

Halafu akatazama zile tano nyingine, akaona ile nafasi ya kidole. Baba anasema reli ilikuwa na sheria moja: chupa ya maji ya boila lazima ijae hadi juu, ikiwa na hewa imechukuliwa na mzembe na mkaguzi anaitupa. Babu akasema, "Wakija kukagua watasema mtoto wangu ni mzembe." Basi akaijaza kila moja kwa maji yaliyotoneshwa, safi kabisa, kwa pipeti, akafunga vizibo kwa waya. Alikuwa anakukinga, Waya! Aliziharibu akikukinga!

Baba aliposikia miaka ya baadaye kwamba nafasi ile huachwa makusudi, alikuwa amekwisha kumzika Mzee. Akaamua hatasema kamwe, usije ukajua kwamba ni Mzee aliyekuharibia. Na kwako alikuwa na hasira yake pia. Anasema Mzee alikuwa anakaa upande wa barazani unaoangalia barabara, kila Krismasi, miaka tisa.

Lakini sikia hii! Alipomaliza kuongea aliingia chumbani akatoa daftari la Babu, la jalada gumu. Babu aliandika kila kitu! Nimenakili kama lilivyo:

"9 Novemba 1987. Nimeongeza maji yaliyotoneshwa. Na. 1, 4.2. Na. 2, 5.0. Na. 3, 4.6. Na. 4, 4.4. Na. 5, 5.1."

Na chini yake:

"Na. 6, maji yote yametumika. 103. 104. 104."

Hiyo 103 ni nini? Sielewi, lakini nywele zimenisimama. Chupa ziko salama, sijagusa waya. NIJIBU.

Lorraine


Kilifi, 2 Mei 2024

Lorraine, Lorraine, Lorraine,

Sikutuma. Bahasha ilikuwa imefungwa mezani, stempu juu, nangoja posta wafungue baada ya chakula. Mtoto wa paka alikuwa ameilalia. Nimeichana.

Nitakuambia 103 ni nini. Reli walikuwa wanapima kitu kile kile ninachopima mimi: maji yanazima tindikali kiasi gani. Hata sikuwahi kuwaza hilo! Boila na bahari, kazi moja! Wao walikuwa na kipimo chao, ukigawa kwa hamsini unapata cha kwetu. Chukua karatasi ufanye mwenyewe. Mia na tatu, mia na nne, mia na nne. Gawa kwa tatu, gawa kwa hamsini. Mbili nukta sifuri saba.

Namba yangu ya chupa ya sita, ile waliyoicheka, ni mbili nukta sifuri saba. Mkuu wangu alisema lazima iwe mbili nukta tatu. Mzee angepata mia na kumi na tano. Alipata yangu! Kwa tindikali nyingine, kwa mkono mwingine, kwenye benchi la Kaloleni! Nilipiga ukelele, jirani akaja na panga akidhani ni nyoka. Nikamkumbatia na panga lake.

Na zile tano hazijaharibika. Maji yaliyotoneshwa hayana kitu cha kuzima tindikali, yanapunguza tu makali. Nikijua ameongeza kiasi gani napiga hesabu narudi nyuma. Na Mzee ameandika hadi sehemu ya kumi ya mililita! Kioo nacho hutoa kitu chake kidogo kidogo miaka yote hiyo, nitakipigia hesabu pia. Zifunge kila moja kwa taulo, uzirudishe sandukuni uzitume kwangu, na upige picha kila ukurasa wa daftari.

Mwambie Willis nilimkosea. Mwambie kwa maneno hayo hayo, usiyapambe. Yale ya mafuta ya taa nayarudisha.

Lakini nimesoma namba hizo siku nzima na nikalia, sitakuficha. Alijua. Alijua niko sawa tangu Novemba ile. Miaka tisa, hata mstari mmoja kwangu? Kwenye daftari ni namba tu. Muulize baba yako.

Waya wako,
Elsie


Kilifi, 24 Juni 2024

Mpendwa Lorraine,

Wazima wote hapa, paka wawili nimewagawa. Natumaini wasichana wamemaliza mtihani na hawajachoma meza.

Chupa zilifika zote tano salama, na hizo taulo zako za maua sirudishi. Nimezipima mwenyewe, kiuno kimefungwa kwa leso japo chumba hakiyumbi. Nimetoa maji ya Mzee kwa hesabu, nimetoa ya kioo. Zote tano zimelingana na namba zangu za 1987. Nilituma pamoja na picha za daftari, na jana wamejibu.

Wamekubali! Zinaingia zote, arobaini na nane! Walikuwa na swali moja tu: huyu aliyepima chupa ya sita ni nani, alikuwa kituo gani cha utafiti? Nikawajibu. Kwenye rekodi sasa imeandikwa, nanakili: "Mpimaji, E. Aloo. Mhakiki, Z. Omolo, Kaloleni, Nairobi." E. Aloo ni mimi, Z. Omolo ni Mzee, na hakuna kituo, ni Kaloleni tu.

Msomee Willis mstari huo polepole. Hujanijibu lile swali langu la Mei. Najua kunyamaza kwenu nyote kunatoka wapi, na mimi pia nimo. Nimefurahi sana, nyar owadwa. Kimebaki kitu kimoja tu ninachokitaka, na mwenye kukitoa tulimzika.

Elsie


Tena, 30 Juni 2024

Shikamoo Waya,

Leo ndiyo tarehe 30 na umeshinda! Niliwaandikia wasichana mstari ule ubaoni, wakapiga meza. Mmoja, Winny, ameniuliza kama meli siku hizi zina choo.

Sikukujibu kwa sababu Baba hakunijibu. Kila nikiuliza anasema, "Ngoja hao wa kamati waseme kwanza." Leo baada ya kanisa nikamsomea: Z. Omolo, Kaloleni, Nairobi. Akaniomba nisome tena. Nikasoma mara nne. Akalia, Waya, mbele yetu, na Mama hakumkanyaga.

Halafu akafungua kabati lake la nguo akatoa kitu ndani ya koti la reli. Chupa ya sita. Tupu, imesuuzwa, inang'aa. Anasema Babu alimkabidhi akamwambia, "Hii nitampa mwenyewe akija. Nisipokuwepo, mpe ukiona haimuumizi." Na Baba miaka yote alidhani itakuumiza, kwa sababu ukiiona utajua nani alifungua.

Nilitaka kuituma kwa basi. Amekataa. Amekata tiketi ya treni ya Jumatano, goti au bila goti, ataibeba mapajani hadi Mombasa na kutoka hapo atafika kwako. Mpikie samaki. Ananyamaza, lakini anakula.

Amenikataza kukuambia kilichoandikwa, nimeshindwa. Kwenye karatasi yako ya zamani iliyobandikwa chupani, chini ya USIFUNGUE, kuna penseli ya Babu:

"Nimefungua, Elsie. Uko sawa. Njoo unywe chai."

Lorraine